Paka wanaorusha mkojo ndani: mwongozo kwa nyumba yenye paka zaidi ya mmoja

Paka wengi wazima, wasio na ugonjwa wowote, hutiwa kwenye kiroba na kwenda kutupwa sokoni kwa kosa moja tu: wamerusha mkojo kwenye makochi. Mwenye nyumba ameosha, amefukiza udi, amewafukuza kwa fagio, na harufu iko palepale. Nimeandika mwongozo huu nikifikiria nyumba za mijini pwani, zenye vyumba viwili vitatu, madirisha wazi kwa ajili ya joto, paka watatu au wanne ndani na mashume, yaani paka dume wa mtaani, wanaopita usiku. Wa bara watautumia vilevile.

Kabla ya yote, ondoa mawazo ya ukaidi na kisasi. Paka anayerusha mkojo anaweka alama ya mpaka kwa sababu kuna kitu kinachomfanya ahisi eneo lake halina usalama. Ukimpiga unamwongezea hofu, na hofu ndiyo inayomrushisha. Kazi yako ni kutafuta kinachomtisha na kukiondoa.

Hatua ya 1: Hakikisha anarusha, si kwamba anakojoa ovyo

Kaa pembeni umwangalie. Anayerusha hufika kwenye pazia, mguu wa meza au pembe ya ukuta, ananusa, kisha anageuka na kuupa ukuta mgongo. Mkia unasimama wima na ncha yake inatetemeka. Miguu ya nyuma inakanyagakanyaga mahali pamoja, halafu mkojo kidogo unatoka kwa nyuma, unapiga ukuta kiasi cha shibiri moja juu ya sakafu na kuteremka kwa michirizi. Akimaliza anaondoka zake. Hafukii.

Anayekojoa ovyo huchuchumaa na kuacha dimbwi kwenye godoro, zulia au rundo la nguo chafu, na mara nyingi huparua pembeni kana kwamba anafukia. Huyo shida yake huwa ni ugonjwa, au sanduku la mchanga lisilomridhisha. Hatua ya 2 na ya 7 zitamsaidia zaidi kuliko nyingine.

Hatua ya 2: Ugonjwa kwanza

Mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo. Damu, fuwele, mawe na uvimbe wa kibofu humfanya paka akojoe nje ya sanduku, na wengine huanza kurusha kwa ajili ya maumivu hayohayo. Kwa paka mzee, omba aangaliwe figo na kisukari.

Lipo jambo moja la kufa na kupona. Dume anayeingia sandukuni mara kwa mara, anajikamua, analia, na hakitoki kitu au yanatoka matone tu, ameziba mrija wa mkojo. Asipozibuliwa ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Usingoje asubuhi. Wala usimpe paracetamol ukidhani unampunguzia maumivu. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua paka.

Hatua ya 3: Mjue mrushaji

Kwenye nyumba ya paka wanne lawama humwangukia dume mkubwa kuliko wote. Mara nyingi si yeye, au si yeye peke yake. Yule mnyonge anayefukuzwa kila siku naye hurusha. Tegesha simu ya zamani irekodi mahali panapoloweshwa sana, hasa usiku na alfajiri. Daktari pia anaweza kumpa paka mmoja rangi ya fluoresini, ileile inayotumika kukagulia jicho, na mkojo wake ukang'aa chini ya taa ya UV kwa siku moja hivi.

Watu wengi hupendelea kumfungia mmoja mmoja chumbani waone nani akitengwa ukuta unabaki mkavu. Mimi siiamini njia hiyo peke yake. Ukimtoa paka mmoja, uhusiano wa wote waliobaki hubadilika, na mrushaji anaweza kutulia kwa sababu tu mtesi wake ndiye uliyemfungia.

Hatua ya 4: Hasi wote, madume na majike

Hakuna hatua yenye nguvu kuliko hii, na ndiyo inayoahirishwa zaidi. Mkojo wa paka una felinini, kemikali yenye salfa. Ikivunjika hutoa ile harufu kali inayoingia mpaka kooni. Dume asiyehasiwa huitoa kwa wingi kuliko jike au dume aliyehasiwa, na ndiyo maana ukuta uliorushiwa na shume unajulikana tangu mlangoni.

Wakihasiwa, karibu madume 9 kati ya 10 huacha au hupunguza sana, wengi ndani ya wiki chache, wengine baada ya miezi. Wachache huendelea: takriban dume 1 kati ya 10 na jike 1 kati ya 20. Hao ndio hatua zinazofuata zinawahusu. Umri mzuri ni miezi 4 hadi 6, kabla tabia haijaanza. Usiwasahau majike. Jike aliye kwenye joto hurusha pia, na huwakusanya madume wa mtaa mzima barazani kwako, kila mmoja akiacha alama yake.

Kama dume alikuja kwako akiwa ameshahasiwa na bado ananuka kama shume, mwambie daktari amkague uume. Dume mwenye homoni ana vijimiba vidogo kwenye uume, na hupotea wiki kadhaa baada ya kuhasiwa. Vikiwapo, huenda korodani moja ilibaki tumboni na inahitaji kutolewa.

Najua wapo wanaosita wakiona ni kumdhulumu mnyama. Upasuaji hufanywa akiwa amelala kwa dawa, na dume kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ninachokiona mimi ni dhuluma ni kuacha jike azae kila baada ya miezi michache na watoto waishie jalalani. Kama bei ni kikwazo, ulizia vyama vya ustawi wa wanyama vilivyo karibu nawe. Nairobi kuna KSPCA, na miji mingine huwa na kampeni za kuhasi kwa gharama nafuu.

Hatua ya 5: Chora ramani ya madoa

Chukua karatasi uchore nyumba: milango, madirisha, sanduku, bakuli, mahali wanapolala. Usiku zima taa zote upite na tochi ndogo ya UV, ile ambayo wenye maduka na mawakala wa fedha hukagulia noti. Mkojo uliokauka unang'aa manjano inayoelekea kijani. Sabuni ya unga nayo hung'aa, ila kwa ubuluu, kwa hiyo penye shaka inama unuse. Tia alama kila doa kwenye karatasi.

Kisha isome ramani. Madoa yakiwa chini ya madirisha na karibu na mlango wa nje, tishio liko nje. Yakiwa koridoni, kwenye ngazi, milangoni mwa vyumba au njia ya kwenda kwenye chakula, wanagombana wao kwa wao. Yakiwa kwenye viatu, begi la mgeni, kiroba cha mchele kilichotoka sokoni au kochi jipya, kinachowasumbua ni harufu ngeni, na hapo dawa ni nyepesi: viatu viingie kabatini, begi la mgeni likae chumba kilichofungwa.

Hatua ya 6: Osha hadi pua ya paka iridhike

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada. Paka mwenyewe si najisi, kama inavyosema hadithi ya Mtume iliyopokewa kwa Abu Qatada, lakini mkojo wake ni najisi, na msala ukirushiwa hausaliwi mpaka utoharishwe. Tatizo ni kwamba maji mengi yanayotosha kutoharisha hayatoshi kuondoa harufu anayoisikia paka. Mkojo ukikauka huacha fuwele za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki vizuri kwenye maji. Ndiyo maana masika yakiingia na hewa ikajaa unyevu, kochi uliloliosha Januari linaanza kunuka upya. Na paka akiisikia alama yake imefifia, anarudi kuihuisha.

Fanya hivi:

1. Doa likiwa bichi, kandamiza kwa kitambaa kikavu. Usisugue, utaueneza mkojo.
2. Changanya sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes; soma viambato kwenye pakiti) na maji ya uvuguvugu, kipimo 1 cha sabuni kwa 9 vya maji. Maji yanayochemka huua vimeng'enya. Lowesha eneo pana kuliko doa lenyewe, liache dakika 15 au zaidi bila kukauka. Ukipata dawa ya dukani iliyotengenezwa kwa mkojo wa paka, ni bora zaidi. Fuata maelekezo yake.
3. Suuza kwa maji safi, kausha.
4. Pakikauka, pulizia spiriti ya hospitali na usugue kidogo. Jaribu kwanza kwenye kona iliyojificha, maana hutoa rangi ya baadhi ya vitambaa na varnishi. Weka mbali na moto, na paka wasipite mpaka pakauke.

Rudia kama tochi bado inaonyesha mng'ao.

Kuta za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe na Lamu, zinataka subira. Chokaa hunywa mkojo, na doa unaloliona juu ni dogo kuliko lililo ndani. Osha mara mbili tatu, acha ukuta ukauke kabisa, kisha upake praima ya mafuta (rangi ya chini ya kuzibia) kabla ya rangi ya kawaida, la sivyo harufu itapenya rangi mpya. Sponji ya kochi iliyolowa mpaka ndani sishauri kuhangaika nayo. Itoe uweke nyingine, mbao na kitambaa utabaki navyo.

Usitumie klorini ya kufulia. Ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayounguza mapafu yako na ya paka. Dawa za kuua viini zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia kwenye maji zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kuziondoa mwilini. Anazilamba kwenye nyayo zake na kudhurika. Vidonge vya nafthalini na mafuta taa ni sumu vilevile. Pilipili humwasha macho naye akahamia ukuta wa pili. Udi na ubani fukiza kwa raha yako, lakini vinaificha harufu kwa pua yako tu.

Hatua ya 7: Gawa nyumba

Hapa ndipo nyumba nyingi zenye paka wengi hupona. Paka huwinda peke yake na hula peke yake. Anaweza kuishi na wenzake kwa amani, ila si kwa kupigania kila kitu mlango mmoja.

Anza kwa kutazama nani ni rafiki wa nani. Wanaolambana na kulala miili ikigusana ni kundi moja. Wanaokaa chumba kimoja kila mmoja pembe yake, wakikwepana macho, hawajapatana, wanavumiliana. Ugomvi wa paka mara nyingi hauna kelele. Mmoja analala katikati ya korido, anamkazia mwenzake macho, na mwenzake anageuza njia. Ukiwa na haraka unaweza kudhani amelala tu. Kumbe amefunga barabara ya kwenda sandukuni.

Sasa kila kundi lipate vyake, sehemu tofauti za nyumba: sanduku, chakula, maji, mahali pa kulala na pa kukwarua.

Masanduku. Kanuni ya madaktari ni idadi ya paka kuongeza moja, kwa hiyo paka 4 wanahitaji 5. Kwenye vyumba viwili ni vigumu, nafahamu. Basi angalau kila kundi liwe na lake, mbali na la wenzao. Masanduku matatu yaliyopangwa bega kwa bega bafuni, kwa paka, ni moja. Huna haja ya kununua la dukani. Beseni kubwa la kufulia, lililokatwa upande mmoja ili aingie bila kuruka, linafaa, mradi urefu wake uwe mara moja na nusu ya paka kutoka pua hadi shina la mkia. Tia mchanga uliochekechwa au maranda ya seremala kina cha vidole vitatu. Liweke mahali ambapo akichuchumaa anaona anayekuja na ana njia mbili za kutokea. Nyuma ya mlango si mahali. Zoa kinyesi na mkojo kila siku, mwaga na kuosha kila wiki. Kuzoa kila siku ni kinga pia: vimelea vya toksoplasma vilivyomo kwenye kinyesi cha baadhi ya paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza. Mama mjamzito aiache kazi hiyo kwa mwingine.

Chakula. Ile desturi ya kuwamwagia dagaa wote kwenye sinia moja inapendeza kuitazama, lakini mnyonge hapo anakula huku akiangalia nyuma. Kila mmoja awe na bakuli lake, mahali asipoonana na asiyepatana naye. Maji yakae mbali na chakula.

Juu. Nyumba ndogo huongezeka ukitumia kuta. Futa sehemu ya juu ya kabati, weka rafu pana kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi vidole, tandika boksi tupu juu ya friji. Kila pahali pa kupandia pawe na pa kushukia kwingine, mnyonge asije akazingirwa huko.

Pa kukwarua. Kucha nazo huacha harufu kutoka nyayoni, na ni alama ambayo haikudhuru. Zungushia kamba ya katani kwenye gogo refu kuliko paka aliyejinyoosha, ukaze vizuri lisiyumbe, kisha lisimamishe palepale alipokuwa akirusha. Doa jingine lililokwisha oshwa liwekee bakuli la chakula au tandiko. Paka hapendi kurusha anapokula na kulala.

Hatua ya 8: Mashume wa nje

Paka wa ndani akimwona shume barazani na hawezi kumfikia, humalizia hasira ukutani, au humgeukia ndugu yake. Ziba mwono: bandika karatasi yenye ukungu kwenye kioo cha chini, au teremsha pazia saa za usiku. Madirisha ya nondo bila vioo yawekewe wavu imara wa chuma. Wavu wa mbu wa plastiki shume anauchana. Usiache mabaki ya samaki nje, funika pipa la taka, na osha mlango wa nje na kuta za barazani kwa utaratibu wa hatua ya 6, maana alama za shume ziko huko.

Kama shume ni mmoja na majirani wote wanamlalamikia, mchangiane ahasiwe arudishwe mtaani. Mkimhamisha, nafasi yake huchukuliwa na mwingine.

Hatua ya 9: Wasiopatana wakutanishwe upya

Hii ni kwa wanaofukuzana mpaka manyoya yanatoka, na kwa paka mgeni yeyote unayetaka kumleta. Mtenge mmoja kwenye chumba chenye kila kitu chake. Siku za kwanza badilishana matandiko tu, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake bila kumwona. Kisha walishe pande mbili za mlango uliofungwa, mabakuli yakisogezwa karibu kidogo kidogo. Wakila kwa utulivu, fungua upenyo uliowekwa wavu. Wakitulia hapo pia, wakae pamoja dakika chache mbele yako, kila mmoja akitupiwa kipande cha samaki, halafu watenganishwe kabla mmoja hajakaza macho.

Inaweza kuchukua wiki, au miezi. Akinguruma mmoja, rudi ulikotoka, usiruke hatua. Na wapo paka ambao hawatapatana maishani mwao. Hao waishi kwa zamu, mmoja sebuleni asubuhi na mwingine jioni, au mmoja atafutiwe nyumba njema kwa mtu unayemwamini.

Hatua ya 10: Feromoni na dawa

Paka anapokusugua kwa shavu huacha harufu ya amani, na ukuta wenye harufu hiyo hapendi kuurushia. Zipo feromoni bandia, yaani harufu hiyo iliyotengenezwa kiwandani, za kuchomeka kwenye soketi, kama Feliway. Chupa moja hudumu mwezi hivi na hufaa eneo la mita za mraba 50 hadi 70, isiwe nyuma ya kochi wala karibu na dirisha lililo wazi. Usipoipata, chukua kitambaa safi cha pamba, mpapase paka mashavu na kidevu akiwa ametulia, kisha kipitishe kwenye doa lililooshwa na kukauka, kwenye kimo cha pua yake. Fanya kila siku. Usimtumie paka mmoja kwa niaba ya wengine wasiompenda.

Ukiwa umefuata hatua zote na bado mmoja anarusha, daktari anaweza kumwandikia fluoksetini au klomipramini. Ni dawa zinazotumika kwa binadamu pia, ila dozi ya paka ni ndogo sana na si yako kuikisia. Mpe wiki 4 hadi 6 kabla ya kusema hazifanyi kazi. Muda wote huo andika kwenye ile ramani idadi ya madoa mapya kila wiki. Yakishuka kutoka kumi hadi matatu, umo njiani, hata kama jana ulikanyaga unyevu kwenye korido. Zikifanya kazi usizikate siku moja. Daktari atazipunguza polepole, na ile wiki ya kila punguzo ndiyo ya kupita na tochi kila usiku.